Daftari la Vipimo

Bega: inchi kumi na tisa. Kifua: arobaini na nne.
Urefu, toka shingoni hadi kisiginoni: hamsini na nane.
Ndivyo daftari linavyoanza, bila jina, bila salamu,
kwa wino uliogeuka rangi ya chai iliyomwagika.
Bwana huyu aliteuliwa, hakuchaguliwa.
Alipimwa akitazama saa,
na babu yangu, Fundi Mwinyikombo wa Kibokoni,
aliruhusiwa kumgusa kwa ncha za vidole tu.

Joho lilikuja kwa meli, jekundu, zito,
limekatiwa nchi ya baridi.
Kazi ya babu ilikuwa kulizoesha joto:
alitoa bitana, akatoboa vitundu makwapani,
mahali ambapo picha haifiki.

Wa pili alikuwa mfupi. Upindo ukapanda inchi tatu.
Wa tatu aliamrisha ushuke.
Wa nne aliletwa na karani, akapimwa amesimama kando ya gari.

Kisha ukurasa wenye doa la samli.
Bendera ilikuwa imebadilika, na meya mpya
alikuja mwenyewe kwa miguu, akavua viatu mlangoni,
akala mahamri kabla ya kunyoosha mikono.
"Fundi, usinibane," alisema, "nitanenepa."
Bibi alipiga kigelegele, akamwaga mbaazi.
Huyo ndiye uliyemwendea kwa bomba lililokauka Majengo,
kwa kaburi, kwa leseni ya kuuza makaa,
kwa mtoto aliyekosa nafasi ya shule.
Joho lake lilichakaa begani upande mmoja,
kwa mikono ya watu.

Alinenepa kweli. Na waliomfuata wakanenepa.
Viwanja vya wazi vilipungua mjini
kadiri viuno vilivyoongezeka;
babu hakusema neno, aliandika namba.

Halafu kurasa tupu, nyingi.
Serikali ilivunja baraza, ikaleta tume.
Tume haina mabega.
Joho likaning'inia stoo ya Ukumbi wa Mji,
na karafuu mfukoni kuwafukuza mende.

Liliporudi, walirudi mameya wa haraka haraka:
wanapimwa Ijumaa baada ya sala, Jumatatu wanapigiwa kura na madiwani,
na kura zenyewe, mtaa mzima unajua bei yake.
Mmoja aliomba mfuko wa ndani.
Babu alimshonea, mdogo, wa kutosha tasbihi.
Nyuma ya jalada, mwaka huo, aliandika:

Joho halina mwenyewe, lavawa na kuvuliwa,
Leo lang'ara kwa wewe, kesho mwengine atiwa,
Mwenye nalo asilewe, upindo hukunjuliwa,
Mji ndio wenye bega, ninyi wa kuazimiwa.

Maandishi ya mwisho ni yangu. Babu alikuwa haoni tena.
Meya alikuja magharibi, peke yake, joho ndani ya mfuko wa plastiki.
Katiba mpya ilikwisha kufuta cheo chake,
zilikuwa zimebaki wiki chache.
Kifungo kilikuwa kimekatika.
Nikamwuliza, kwa nini kukishona sasa?
"Nalirudisha," alisema. "Halirudishwi likiwa na pengo."
Alilipa shilingi hamsini, akangoja chenji.

Siku hizi tuna gavana. Suti yake hushonwa kwingine,
gari lake lina vioo vyeusi, kipimo chake sikijui.
Juzi bomba la Ndia Kuu lilipasuka, maji yakaingia madukani,
watu wakasimama na ndoo wakiulizana, tumwambie nani?
"Mwambieni meya," alidakia Bi Zuhura wa viungo,
tukacheka mpaka maji yakafika vifundoni.

Bado natumia futi ya babu.
Kati ya arobaini na hamsini namba zimefutika,
pale vifua vya wakubwa vilipokuwa vikikutana na kidole gumba chake.
Huko nabahatisha.
Lakini nikipima sare za watoto wa shule,
ishirini na mbili, ishirini na nne,
kila mstari unasomeka.